Kabla ya kuvua yunifomu: namna ya kuamua kugoma, na namna ya kugoma

Wiki iliyopita muuguzi msichana, mwaka wake wa pili kazini, alinifuata chumba cha kubadilishia nguo tulipokuwa tukikabidhiana zamu. Usiku ule alikuwa peke yake na akina mama 19, wanne kati yao wametoka kupasuliwa. Miguu ilikuwa imemvimba mpaka viatu havimtoki. Akaniuliza, "Mama, sisi tugome ama tusigome?"

Nilimjibu kwamba muuguzi ana haki ya kugoma, na kwamba mimi mwenyewe nimewahi kugoma siku 150. Halafu nikaona jibu hilo likimkaa usoni kama ruhusa, nikaogopa. Nikamwambia aje nyumbani Jumapili tuzungumze. Haya ndiyo niliyomwambia, na nimeyaandika kwa sababu najua wako wengi wenye swali lake.

Mimi ni muuguzi na mkunga. Nimefanya kazi katika hospitali za umma huku Pwani ya Kenya tangu 1999, na kwa miaka 9 wenzangu walinichagua niwawakilishe katika chama chetu cha wauguzi. Mwaka 2017, wauguzi wa nchi nzima tuliweka zana chini Juni 5, tukarudi wodini Novemba 2. Tulikuwa tunadai mkataba wetu wa pamoja wa mishahara utiwe saini. Nilitoka nikiamini dai letu ni la haki na nilirudi nikiamini hivyohivyo. Ila yapo tuliyoyafanya vibaya, na waliolipa ni watu ambao hawakuwa na ugomvi nasi. Ukiona nimekaa sana juu ya jambo moja hapa chini, jua ndipo tulipokosea.

Anza na daftari

Kabla hujatamka neno mgomo, nunua daftari la kurasa 96. Kila zamu andika mstari mmoja: tarehe, wauguzi wangapi, wagonjwa wangapi, nini kilikosekana, na kukosekana kwake kulileta nini. Usiandike jina la mgonjwa wala namba ya faili yake. Langu lina mistari kama hii:

"Jumanne usiku. Wauguzi 2, akina mama 31, vitanda 22. Glavu za upasuaji zimeisha saa 8 usiku. Mume wa mama mmoja ametumwa duka la dawa nje ya lango."

"Jumapili mchana. Friji ya oksitosini haifanyi kazi tangu Ijumaa. Dawa tumeihifadhi kwenye kibaridi cha chanjo."

Oksitosini ndiyo sindano inayomzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, na inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto letu la Februari inapoteza nguvu, nawe unadunga ukidhani umemwokoa. Muuguzi yeyote anaelewa uzito wa mstari ule. Mtu wa fedha haelewi mpaka umwandikie na umweleze.

Daftari hili nalihimiza kwa sababu ya kikao kimoja. Tuliingia mbele ya maafisa wa kaunti, wawakilishi sita, tukiwa na hasira ya haki kabisa. Tukasema tumechoka, tuko wachache. Afisa mmoja akauliza kwa upole, "Wachache kiasi gani?" Tukatazamana. Kila mmoja wetu alijua jibu mwilini mwake, kwenye mgongo na kwenye nyayo, lakini hakuna aliyekuwa na namba. Kikao kilikwisha kwa dakika 20.

Miezi mitatu ya daftari inatosha. Wodi tano zikiwa na madaftari matano, mna kitu ambacho hakuna afisa atakipuuza. Tena mtagundua jambo jingine: si kila lalamiko ni la mgomo. Glavu na friji ni za msimamizi wa hospitali na idara ya afya ya kaunti, na barua moja yenye nakala kwa kamati ya afya ya bunge la kaunti imewahi kutupatia friji mpya kwa wiki mbili. Kupandishwa daraja ni la Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti. Mshahara na marupurupu ni jambo la kaunti pamoja na Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, ambayo Katiba imeipa kazi ya kushauri kuhusu malipo ya watumishi wote wa umma. Ukipeleka lalamiko kwenye mlango usio wake, utaambiwa kweli kwamba hawana uwezo, na utarudi ukidhani umedharauliwa.

Tazama kalenda

Afya iligatuliwa 2013, kwa hiyo mwajiri wa wengi wetu ni kaunti, na kaunti 47 zina bajeti 47. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa matumizi hupelekwa bunge la kaunti kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kati ya tarehe hizo wananchi huitwa kutoa maoni, na muuguzi ni mwananchi. Nenda na daftari lako. Nimehudhuria vikao hivyo nikakuta viti 200 na watu 30, na anayesimama na namba anasikilizwa.

Sisi 2017 tulitoka Juni. Bajeti ilikuwa imeshapangwa. Uchaguzi ulikuwa Agosti 8 na magavana walikuwa kwenye kampeni, simu hazikupokewa. Baada ya uchaguzi wakaingia magavana wapya waliosema hawakuahidi chochote. Septemba 1 Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais, nchi yote ikageuza macho, uchaguzi ukarudiwa Oktoba 26. Tulisaini kurudi kazini wiki moja baadaye. Sisemi uchaguzi ndio sababu pekee. Lakini kwa wiki nyingi tulikuwa tukigonga nyumba isiyo na mtu, na kalenda ya uchaguzi tulikuwa nayo ukutani.

Ukiniuliza mwezi, nitasema mzozo uanze kwenye karatasi Oktoba au Novemba, ili mwajiri akose kisingizio makadirio yakifika mezani.

Isome sheria wewe mwenyewe

Usikubali kusomewa na kundi la WhatsApp. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, na kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kati ya viwili hivi kuna kifungu kimoja tu, cha mazingira. Mimi huvisoma pamoja, kwa sababu siku ya mgomo nitasimama juu ya vyote viwili.

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 76, inataka mambo matatu: mzozo uhusu masharti ya kazi au kutambuliwa kwa chama, upatanishi uwe umejaribiwa ukashindikana, na ilani ya maandishi ya siku 7 itolewe kwa mwajiri na kwa waziri wa leba, imetiwa saini na mwakilishi aliyeidhinishwa wa chama. Upatanishi umepewa siku 30. Kwa hiyo mtu akikuambia "kesho tunagoma", mwulize karatasi ya upatanishi iko wapi.

Wengi husoma mpaka hapo wakafunga. Endelea hadi kifungu cha 81 na Jedwali la Nne. Humo huduma za hospitali zimetajwa kuwa huduma muhimu, pamoja na maji, zimamoto, uongozaji wa ndege na feri, na mgomo ndani ya huduma hizo umekatazwa. Mizozo yake ni ya kuamuliwa na mahakama ya leba. Hii ndiyo karatasi ambayo mwajiri atakimbia nayo mahakamani. Nyinyi mtakuwa na kifungu cha 41. Wakili wa chama ajue hoja yake kabla ya ilani kutoka, si baada ya kuitwa. Na amri ya mahakama ikitoka usiicheze. Februari 2017 viongozi saba wa chama cha madaktari walifungwa kwa kudharau amri ya kusitisha mgomo. Walikaa gerezani hadi Mahakama ya Rufaa ilipowatoa siku mbili baadaye.

Nitasema ninavyoona. Sheria hii imempokonya muuguzi silaha yake bila kumpa nyingine. Shirika la Kazi Duniani limeshikilia kwa miaka mingi kwamba mfanyakazi wa huduma muhimu akizuiwa kugoma, lazima apewe upatanishi na uamuzi wa haraka, usiopendelea, unaomfunga mwajiri pia. Kungekuwa na hakimu wa kuamua mshahara wangu ndani ya siku 60 na kaunti ikalipa, nisingeandika mwongozo huu.

Wenzetu wa Tanzania, msichukue namba zangu za vifungu. Sheria yenu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo imeweka afya kwenye huduma muhimu, na ina utaratibu wake. Anzeni hapo.

Kura ipigwe kimya

Mikutano yetu ilikuwa ya makofi. Anayepaza sauti anaonekana jasiri, anayeuliza swali anaonekana kibaraka. Nilikuwa miongoni mwa waliopaza. Leo ningeleta katoni yenye tundu na vipande vya karatasi, na ningeuliza maswali mawili. La kwanza: unakubali tugome? La pili: ukipangwa zamu ya dharura wakati wa mgomo, utakuja? Wakisema ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili, bado hamjawa tayari. Rudini mkazungumze.

Wasikilizeni hasa wa kandarasi, kama walivyokuwa wale walioajiriwa 2020 chini ya mpango wa Afya kwa Wote. Mwenye ajira ya kudumu akiandikiwa barua ya kujieleza ana mahali pa kusimama. Wa kandarasi anaweza kungojewa tu mkataba uishe. Yeye asiulizwe "uko nasi?" mbele ya watu. Na mwanafunzi wa uuguzi asiachwe wodini kujaza nafasi zenu. Siku ya kwanza ya mgomo mwanafunzi aondolewe, kwa usalama wake na wa mgonjwa. Anayekataa kugoma kwa imani yake, mwache. Hakuna shilingi niliyowahi kuipata kwa kumtukana mwenzangu.

Pesa

Hata mgomo ukiwa halali, sheria haimlazimu mwajiri kulipa siku ambazo hukufanya kazi. Mwambie huyo aliye nyumbani kwako anayesema "serikali haiwezi kuwakatia wote". Sisi tulikatiwa.

Mwezi wa kwanza tulicheka. Wa pili nikaanza kukaanga mahamri Kisauni alfajiri pamoja na jirani yangu ambaye pia ni muuguzi. Yeye anakanda, mimi nasimama kwenye karai. Wateja wetu wa kwanza walikuwa mafundi wa mjengo. Tulikuwa tunapata ya unga na ya mafuta ya kesho, na sukari ya watoto. Kodi haikutoka humo. Mwezi wa nne mwanangu wa kidato cha tatu alirudishwa nyumbani kwa karo.

Fanya hivi, mapema, wakati mshahara bado unaingia. Hesabu kodi, chakula, nauli na karo ya miezi mitatu. Usipokuwa na hata mwezi mmoja, sema hivyo kwenye mkutano, kwa sababu hauko peke yako na uongozi unapaswa kujua. Nenda sacco yako uulize kwa maandishi watafanya nini mkopo usipokatwa kwa mshahara. Ukiwaendea kabla, wanakubali kusogeza, ukiwaendea baada, wanawapigia wadhamini wako. Mwenye nyumba mwambie mwenyewe kabla hajasikia redioni. Na wodi nzima ichange kidogo kidogo kwenye mfuko wenye watia saini watatu, kuanzia miezi sita kabla. Katika hospitali yetu mjane mmoja mwenye watoto wanne alirudi kazini wiki ya tisa. Watu walimwita msaliti. Nilinyamaza, nami nilijua kwamba hatukuwahi kumpelekea hata kilo mbili za unga.

Orodha ya dharura

Hapa nitakaa.

Ilikuwa Julai, wiki ya sita. Nilikuwa kwenye karai la mahamri simu ikalia: mlinzi wa lango la hospitali, tunafahamiana. Akasema, "Sista, kuna mama ameletwa na bodaboda, nimewaambia hakuna mtu, wameenda, lakini roho yangu haijatulia." Walikuwa wameelekea kliniki ya kulipia. Huko wakatakiwa kuweka pesa kwanza. Wakapanda tuktuk kutafuta pengine. Nilipowakuta walikuwa pembeni ya barabara, na tuktuk imezunguushiwa leso na wanawake wa sokoni. Nilikuwa na mikono yangu na mfuko wa nailoni uliosafishwa na mwuza samaki. Mama alipona, tulimfikisha hospitali ya misheni akaongezewa damu. Mtoto hakulia.

Mumewe hakunitukana. Aliniuliza tu, "Sista, mlikuwa wapi?"

Watafiti waliochunguza migomo ya wahudumu wa afya kule Kilifi kati ya 2010 na 2016 hawakuona vifo vikipanda waziwazi kwa jumla. Nimeusoma utafiti huo zaidi ya mara moja. Sina namna ya kumpelekea mtu yule.

Kwa hiyo, nasema wazi: kama hamna orodha ya dharura, msigome. Iandikeni kabla ya ilani, na nakala yake iambatane na ilani, ili hata mahakamani ionekane. Hivi ndivyo ninavyoiona.

Huduma zisizosimama: chumba cha kujifungulia na upasuaji wa dharura wa uzazi, watoto wachanga waliozaliwa kabla ya siku zao, kitengo cha dharura, wagonjwa mahututi, kusafisha figo, na mtu wa kutundika damu popote inapohitajika. Zinazosimama: kliniki za kawaida, upasuaji unaoweza kungoja, makaratasi, ripoti, mikutano na ziara za wakubwa. Wauguzi wa Uingereza walipogoma Desemba 15 na 20, 2022, walifanya kitu cha namna hii: tibakemikali ya saratani, kusafisha figo, wagonjwa mahututi na watoto wachanga mahututi viliachwa viendelee, na mgomo wenyewe ulikuwa wa saa 12, kutoka saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku. Mwenzangu wa zamani aliye huko aliniambia kilichomshangaza ni kwamba aliyepangwa ndani alipigiwa makofi na walio nje langoni.

Idadi ya watu chukueni ile ya usiku wa Jumapili. Hospitali yako inajua kuishi na idadi ile, kwa bahati mbaya, na mwajiri hawezi kusema haitoshi bila kukiri kwamba kila Jumapili anawaacha wagonjwa.

Kila muuguzi apangwe, kuanzia mwenyekiti wa tawi la chama. Ikiwa mko 120 na dharura inahitaji 14 kwa zamu, zamu tatu kwa siku, kila mtu atafika mara mbili au tatu kwa wiki. Msiwaachie kazi hii wapole, maana watachoka na watachukiwa. Bandikeni majina ukutani. Wapeni kitambaa cha mkono, cheupe au cha rangi yoyote, chenye mhuri wa tawi, ili aliye langoni na bango amjue anayeingia na ampishe. Lango lenyewe liwe na mtu wetu saa 24, muuguzi, kazi yake moja tu: kumtazama anayefika na kuamua kama ni dharura. Mlinzi asiachiwe kazi hiyo tena. Yule wetu aliifanya kwa kadiri ya uwezo wake na bado inamsumbua.

Mtauliza kuhusu nguvu ya mgomo, kwamba tukiacha huduma hizi ziendelee mwajiri hatasikia maumivu. Nimelisikia swali hili kila mkutano. Jibu langu ni kwamba gavana hajifungulii kwenye wodi yetu. Kinachomuuma ni foleni ya wapigakura wa kliniki, redio ya asubuhi, na madaftari matano mikononi mwa wabunge wa kaunti. Mama wa bodaboda hana uwezo wa kumshinikiza yeyote.

Wiki ya mwisho kabla ya kutoka

Siku 7 za ilani zitumieni kujiandaa. Wanaotumia ARV na dawa za kifua kikuu, zungumzeni na famasia wapewe za kutosha muda mrefu zaidi. Wa presha na kisukari vivyo hivyo. Akina mama walio karibu kujifungua, andikeni kwenye kitabu chao cha kliniki: chumba cha kujifungulia kitakuwa wazi, njoo. Mwambie mdomo kwa mdomo pia, kwa Kigiriama, Kidigo, lugha yoyote anayoisikia vizuri. Pelekeni tangazo msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, na kwa naibu chifu. Lisemwe kwa maneno ya watu: tunagoma kwa sababu hizi, huduma hizi zipo, hizi hazipo, ukiwa na dharura lango liko wazi.

Chanjo iletwe mbele pale inaporuhusiwa, na friji ya chanjo iwe na mtu wa kuiangalia kila siku, hata mgomo ukienda mwaka. Tuliipoteza friji moja 2017, na chanjo zake zote.

Funguo za kabati la dawa zinazodhibitiwa, morfini na pethidini, zikabidhiwe kwa msimamizi kwa kuhesabu chupa moja moja, daftari litiwe saini na wote wawili. Piga picha ukurasa huo. Usifunge mlango wowote na kuondoka na ufunguo. Niliyashuhudia hayo mara moja na kesi yake ilichukua miaka.

Maandamano yanahitaji ilani kwa polisi, si chini ya siku 3 na si zaidi ya 14 kabla. Bebeni matawi, imbeni, nendeni nyumbani. Asipigwe picha mgonjwa yeyote ndani au nje, hata kama picha hiyo ingetusaidia.

Mezani, na kurudi

Mkataba wa kurejea kazini husainiwa usiku, watu wakiwa na njaa na kamera zikingoja. Hapo ndipo maneno laini hupita. "Kaunti zitatekeleza kadiri fedha zitakavyopatikana" ni sentensi isiyo na mshahara ndani yake. Dai kiasi, tarehe, na nani analipa. Dai iandikwe kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kugoma, na kuhusu mishahara ya miezi ya mgomo iwe ndiyo au hapana. Kisha mkataba wa pamoja upelekwe ukasajiliwe mahakamani, kwa kuwa kabla ya kusajiliwa hautekelezeki kisheria. Februari 2019 wauguzi wa kaunti kadhaa walitoka tena kwa sababu yale ya Novemba 2017 hayakuwa yametekelezwa. Nilikutana na mmoja wao akiwa na bango lilelile, amebadilisha mwaka tu kwa kalamu.

Kuna nyakati ambazo ningewaambia msitoke hata kama kila kitu kiko tayari: kipindupindu kikiwa mtaani, au mafuriko yamekata barabara na hospitali yenu ndiyo pekee iliyobaki. Ahirisheni, kwa barua, mkitaja tarehe mpya. Na mkigundua kwamba hasira yenu yote ni ya msimamizi mmoja, hilo ni shauri la nidhamu, lipelekeni kwa njia yake.

Yule msichana alikuja Jumapili na daftari jipya. Tulikunywa chai, tukalipigia mistari. Alipokuwa anaondoka akauliza jambo ambalo sikuwa nimelipanga kumwambia: siku ya kwanza ya kurudi, mtu anaanza wapi? Nilimweleza tulivyofanya Novemba ile, sisi watatu wa kliniki ya watoto. Usianze na kufagia, wala na wanaokungoja kwenye benchi wenye nguvu za kuja wenyewe. Toa rejista ya chanjo. Tafuta watoto waliopaswa kuchanjwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14 mkiwa nje, halafu waliofikisha miezi 9, wale wa surua. Piga simu namba kwa namba. Wasiopatikana, wape majina yao wahudumu wa afya wa kijijini, nawe uende nao ukiwa na kibaridi begani, nyumba kwa nyumba. Baadhi ya akina mama watakufungia mlango. Keti kwenye baraza, ungoje.